Karatasi Kwenye Gauni la Mwalimu

Fundi wa nguo za kike anajua mambo ambayo hakuyauliza. Mimi nipo kwenye cherehani hapa Ngarenaro mwaka wa ishirini na nne sasa, chumba cha mbele, mlango unatazamana na gereji ya pikipiki, futi yangu shingoni. Mteja anainua mikono, nampima kifua, kiuno, nyonga, naandika kwenye daftari. Akirudi baada ya miezi minne nafungua ukurasa wake, na hapo naona. Huyu amekonda, na si kwa mazoezi, maana amekonda mabega. Huyu anadai anajinyima chakula, haya, kujinyima gani kunakoongeza inchi tatu? Na huyu ana mimba, ingawa hajasema, na pengine hata mumewe hajui. Futi haina adabu.

Mama yangu, aliyenifundisha kazi hii, hakupenda daftari la vipimo libaki wazi mezani. Nikilisahau analifunga yeye, halafu ananifinya. Alikuja mjini na baba kutoka Kondoa, akawashonea wanawake wa mtaa huu mpaka macho yakamchoka, na sikuwahi kumsikia akisema fulani kanenepa. Mdomo wake sikuurithi. Mimi naongea, nakiri mapema ili tusisumbuane.

Mambo ya mitandao niliingia nikiwa mtu mzima. Mteja mmoja ndiye aliyenifungulia ukurasa, akanionyesha jinsi ya kupiga picha nguo na jinsi ya kuweka stetasi. Wiki ile ile nikapata wateja wawili kutoka Njiro ambao hawajawahi kukanyaga Ngarenaro. Basi nikanogewa. Gauni likitoka kwenye pasi, picha. Mteja akijitazama kwenye kioo, picha. Wapo walionuna nisipowaweka, wakapiga simu kuuliza nguo yao ina kasoro gani. Na yupo jirani yangu mmoja aliyekataa nguo zake zipigwe hata zikiwa zimetundikwa, akasema mumewe anazijua zote na hataki azikute kwenye simu za wanaume wenzake. Nilimcheka sana yule mama. Siku hizi simcheki.

Sitaki nijifanye nililazimishwa na biashara. Nilipenda. Kuona watu themanini wametazama stetasi yako kabla hujamaliza chai ya asubuhi, aisee, kuna raha yake, hasa kwa mtu aliyekaa miaka yote akitazama ukuta na sindano.

Sasa kuna mteja wangu mmoja, mwalimu, anakaa Sekei. Ni mdogo wangu kwa miaka kama kumi na tano, na hata awe na haraka ya namna gani hakosi kuniamkia. Nimemshonea tangu gauni la harusi yake. Ni mtu wa maneno machache, ila akipimwa huongea. Nadhani ni kwa sababu fundi yupo mgongoni na hamtazamani usoni.

Mwezi wa saba mmoja, ile baridi yetu ya kuvaa sweta mbili, alikuja na kitenge cha sare. Wifi yake, mdogo wa mumewe, alikuwa afanyiwe sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, kwao Usa River mwezi unaofuata. Wanawake wa upande ule, ishirini na wawili pamoja naye, walikubaliana kitenge kimoja na fundi mmoja, yaani mimi. Nikazungusha futi kiunoni kwake, nikaisoma, nikamtazama kupitia kioo. Akasema ndiyo dada, mwezi wa tatu unakwisha.

Halafu akanisimulia akiwa amesimama vile vile, mikono juu. Mimba hii haikuwa ya kwanza. Miaka mitatu nyuma alishika mimba akafurahi, na kwa kuwa kila mtu anaweka, naye akaweka picha, mkono wa mumewe juu ya tumbo lake. Zikamiminika hongera, hata za watu aliosoma nao shule ya msingi. Ilipofika mwezi wa tano ikatoka. Picha aliifuta, lakini watu walikuwa wameshaiona. Kwa zaidi ya mwaka mzima alikutana nao sokoni, kanisani, kwenye foleni ya benki, wakimuuliza mtoto hajambo, ameanza kutembea? Ikabidi amsimulie kila mmoja tangu mwanzo, na wengine wakilia ni yeye wa kuwabembeleza.

"Nilizika mara mia, dada," aliniambia.

Kwa hiyo safari hii walijua watatu tu, yeye, mumewe, na nesi wa kliniki. Mimi nikawa wa nne kwa sababu ya futi. Alikuwa na mpango wake. Mwezi wa tano ukipita salama, angekwenda Usa River kwa mama mkwe wake, akae naye jikoni, amwambie kwa mdomo wake mwenyewe. Huyo ndiye angekuwa mtu wa kwanza kuambiwa, kwa sababu safari iliyopita mama mkwe aliijua habari kwenye simu ya jirani na ilimuuma. Akaniomba mshono wa kupwaya kuanzia chini ya kifua, na kitambaa cha kutosha kiachwe ndani pembeni ili gauni liweze kufumuliwa tumbo likikua. Nikamwapia kwamba hata cherehani haitasikia.

Sasa nisikilize jinsi kosa lilivyotengenezwa, maana halikuwa la bahati mbaya kama ninavyopenda kujidanganya. Sare zina balaa lake. Ukiwa na magauni ishirini na mawili ya kitenge kimoja, ukiyachanganya umekwisha. Kwa hiyo kila gauni nalibania karatasi kwa pini kifuani, nimeandika ni la nani, vipimo vyake na maelekezo. Karatasi hiyo inasafiri na gauni mpaka kwa mama wa ovaloki, mlango wa pili kutoka kwangu. Mashine yake inazuia nyuzi zisichomoke, na papo hapo inakata kitambaa cha ziada ndani. Usipomwambia asikate, anakata. Kwenye karatasi ya mwalimu nilitakiwa kuandika maneno mawili tu, usikate ndani.

Mimi nikaandika: Mwalimu Sekei, usikate ndani, ana mimba miezi mitatu na kitu, siri. Na hilo neno siri nikalipigia mistari miwili chini.

Nimejiuliza sana kwa nini niliandika vile. Mama wa ovaloki hakuhitaji sababu, yeye akiambiwa asikate hakati. Nadhani nilitaka ajue kwamba mimi najua. Naona aibu kulisema hili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilijisikia mtu mkubwa kuwa na siri ya mtu, na siri ukiwa nayo peke yako hakuna anayeona ukubwa wako.

Ikaja Ijumaa moja. Wiki nzima mawingu yalikuwa yameufunika mlima wetu mpaka chini na nguo hazikauki, halafu kama saa nne jua likatoka. Magauni kumi na tisa yalikuwa tayari, nimeyatundika kwenye bomba pale mlangoni, na ile nuru ikayapiga vizuri kweli. Nikachukua simu nikapiga picha. Wale wanawake walikuwa na grupu lao la sare na mimi, fundi wao, walishaniingiza, basi nikaituma huko, nikaandika kwamba nguo zimeiva, waje wachukue. Kawaida huwa natoa karatasi kwanza ndipo nipige. Siku ile niliziacha makusudi ili kila mmoja aone jina lake na ajue lake lipo tayari. Nikaona nimetumia akili.

Nikarudi kwenye pasi. Simu ikaanza kutetemeka juu ya meza, ikatulia, ikatetemeka tena. Nikafungua ujumbe wa sauti, nikasikia vigelegele. Nikajua wamefurahia mshono. Nikafungua wa pili, vigelegele, na mtu anacheka. Huku najibu asanteni jamani, karibuni sana. Ndipo nikaona kwamba wifi mmojawapo ameivuta picha yangu kwa vidole, akaikata ikabaki karatasi peke yake, akaizungushia duara jekundu. Chini ameandika hongera mwalimu, kumbe siri yako ameitunza fundi.

Nikafuta picha yangu haraka haraka, simu ikasema imefutwa. Lakini ile yenye duara haikuwa yangu, nisingeweza kuigusa. Wakati bado nahangaika ukaingia ujumbe wa sauti wa mama mkwe. Yule bibi si mtu wa simu kabisa. Hakupiga kigelegele. Alisema polepole, "Kumbe, mwanangu. Na mimi nayasikia humu."

Nilikuwa najua kitu kimoja, kwamba mwalimu simu yake huiacha ofisini akiwa darasani, haishiki mpaka mapumziko. Nikafunga mlango, nikapanda bodaboda mpaka shuleni kwake. Nilitaka azisikie habari kutoka kwangu, anitukane mimi kwanza. Mlinzi akanichelewesha na daftari lake la wageni, andika jina, andika unakotoka, andika sababu ya kuja. Nikaandika shughuli binafsi. Nikiwa bado nimeinama na kalamu, kengele ya mapumziko ikalia. Nilipoinua kichwa nilimwona anakuja getini, simu iko mkononi tayari.

Niliomba msamaha kwa maneno mengi, kama kawaida yangu. Nikaeleza habari za pini, ovaloki, jua, magauni kumi na tisa. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza swali moja.

"Dada, ile karatasi uliiandika ya nini?"

Nikaanza tena habari za pini. Akasema alikuwa amebakiza wiki chache tu aende kwa mama. Watoto wakaanza kupita kati yetu na vikombe vya uji, wakimsalimia, na yeye akiwaitikia vizuri tu. Kengele ikalia tena akarudi darasani. Laiti angenifokea, ningerudi nyumbani na kitu cha kujitetea nacho.

Kwenye sendofu nilikwenda, maana fundi wa sare hualikwa. Gauni lake lilimkaa vizuri kuliko yote, na hakuna hata mmoja aliyelitazama gauni. Kila meza aliyopita kulikuwa na mkono wa mtu unaogusa tumbo. Mshereheshaji naye akapewa habari, akamtaja kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima ukapiga makofi. Mama mkwe alikuwa mbele na wazee, amevaa kitenge kile kile, hapigi makofi. Mwalimu alicheka na kila mtu usiku ule. Mimi nilikaa nyuma karibu na wapishi, pilau ilinishinda.

Haikupita wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, akaja dukani. Alikuwa amelikunja gauni vizuri ndani ya mfuko. Akaliweka juu ya meza ya kukatia akasema, "Nipunguzie."

Nikaelewa. Nilifunga mlango tukakaa kwenye benchi, mimi nikalia, yeye hakulia. Nikamuuliza kama ni mimi niliyesababisha. Akasema hapana. Daktari amemwambia mlango wa kizazi hauhimili, na hata ile ya kwanza ilitoka kwa sababu hiyo hiyo, si macho ya watu. Mtaani walikuwepo waliosema ni jicho baya, nilikuja kuwasikia kwa masikio yangu. Mwalimu anaamini daktari. Mimi naamini daktari siku nyingi, lakini zipo siku siamini.

Kule gereji walikuwa wanajaribu pikipiki, wanaivumisha, wanaizima. Alisubiri wakaizima.

"Wanajua kwa sababu yako," akasema. "Mimi sina tena nguvu ya kumwambia mmoja mmoja. Waambie wewe. Anza na mama."

Kesho yake nikaenda Usa River. Nyumba ya mama mkwe iko upande wa juu wa barabara, kule kwenye migomba, unauacha mji na mashamba ya maua chini yako. Nilimkuta nyuma ya nyumba anawakatia ng'ombe wake wawili vigogo vya mgomba. Nikamwamkia, akaitikia bila kuacha panga. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea, nikamwambia tu kwamba mwalimu amepoteza tena, na kwamba amenituma mimi kwa sababu mimi ndiye niliyeitoa ile siri. Panga likaendelea kidogo, kisha likasimama.

"Mimi walinitoka wawili kabla sijamzaa mume wake," alisema. "Hakuna aliyejua. Kwa hiyo hakuna aliyenisumbua na maswali. Na hakuna aliyeniletea hata kikombe cha uji."

Nilikuwa nimekwenda pale nikiamini kwamba dhambi yangu ni rahisi kuielewa, kwamba ningefunga mdomo kusingekuwa na msiba wa watu wengi. Yule bibi alinivuruga. Alinawa mikono, akakata mkungu wa ndizi, akajaza maziwa kwenye chupa mbili, akabadili kanga. Kisha akaniambia, kwa kuwa njia naijua, nimpeleke. Tulipofika Sekei mwalimu akafungua mlango, wakatazamana. Mama mkwe alipita moja kwa moja jikoni na ndizi zake, nikasikia anauliza kisu kiko wapi. Mimi nikaaga nikiwa bado barazani.

Wale wengine ishirini sikuwaandikia kwenye grupu. Nilimpigia mmoja mmoja, ikanichukua siku mbili. Kila mmoja ilibidi nimwanzie mwanzo. Wengine walilia nikawabembeleza, wengine wakataka kujua ilikuwaje hasa, ilikuwa saa ngapi, alikuwa ameinua nini. Yule wifi wa duara jekundu aliuliza tu kama mama ameshajua. Kufika mtu wa nane sauti ilikuwa imenikauka, nikakumbuka zile mara mia alizoniambia mwalimu huku mikono yake ikiwa juu. Nilikuwa nimeyasikia maneno yale nikayaonea huruma, lakini nilikuwa siyajui.

Ukurasa wangu bado upo. Nilitaka kuufuta, mwalimu akasema nisiwe mjinga, nitakula nini. Nguo napiga zikiwa peke yake kwenye ukuta mweupe, na mwenye nguo namuuliza kwanza. Wengi wanasema weka tu, wengine wanashangaa kuulizwa. Karatasi za pini siku hizi zina namba peke yake, majina yako kwenye daftari na daftari ninalifunga. Mama wa ovaloki analalamika kwamba hajui tena anamkatia nani, amezoea kupiga soga na majina. Namwambia avumilie.

Kisha, muda umepita, sitasema kiasi gani, mwalimu akaja na kitambaa kingine. Si sare, ni gauni lake mwenyewe la kutokea. Akainua mikono. Nikazungusha futi, nikaisoma. Nikamtazama kwenye kioo, akawa ananitazama. Pikipiki zilikuwa zinavuma nje. Nikachukua kalamu, nikaiweka tena chini.

"Huandiki?" akauliza.

"Nitakumbuka," nikamwambia.

Nilipotaka kuyaandika haya nilikwenda kumuomba ruhusa. Akafikiri siku mbili. Akasema andika, kwa sababu wapo mafundi wengine wenye kalamu na simu, ila nifiche, na mimba ya mwisho nisiiseme ilikwendaje. Kwa hiyo nimebadilisha hiki na kile. Pengine si mwalimu, pengine si Sekei.

Wale wa sare wananiuliza habari za mwalimu mpaka leo wakija kushona. Wanaona fundi lazima atakuwa anajua, maana vipimo vyote viko kwangu. Na wewe unayesoma nakuona unavyosubiri. Najua, mpaka inchi. Sikwambii.